Sahani Chini ya Kawa

Kadii wa Dena alikuwa hajui kusema la. Neno lenyewe alilijua, maana alilisikia kwa wengine kila siku, ila likifika mdomoni mwake liligeuka likawa "haya" au "hamna neno", na mambo yakizidi, "hamna neno kabisa." Pale Shella, Malindi, alipokuwa akiuza mbaazi na mahamri kila asubuhi, watu walishamsoma. Ukimwambia hamri lako limepungua ukubwa, atakuongezea jingine. Ukimwambia mbaazi za jana zilikuwa na tui kidogo, atakumwagia leo tui la siku mbili. Mwaka juzi alikubali kupika kwenye matanga mawili ya siku moja, moja Watamu na jingine Magarini, kwa kuwa wafiwa wote walimwomba kwa upole. Alipika kotekote. Akarudi nyumbani hawezi kufunga ngumi, na bado akamwomba radhi mwenye tuktuk kwa sababu sufuria zake zilikuwa zikigongana njiani.

Watu wakamwita mwema. Wema alikuwa nao, hilo hatumnyimi. Lakini mtu asiyeweza kukataa, hata yeye mwenyewe hajui upi ni wema wake na upi ni woga wake. Vimechanganyika kama unga na sukari, chekecha utakavyo.

Na woga ule haukuanza jana. Kadii alikuwa mtoto wa kwanza wa Mzee Dena, na kwa desturi ya Wagiriama binti wa kwanza hupewa jina la mama yake baba. Akaitwa Kadii, jina la bibi yake, na tangu siku hiyo baba yake hakumwita mwanangu. Alimwita Mama. Hiyo nayo ni desturi, tena tamu: mwanamume mzima na ndevu zake anamwinamia kichanga, "Mama, umeamkaje?" na watu wanacheka. Maboma mengi ya Magarini yana akina mama wa namna hiyo, wenye miaka miwili, wanaolishwa uji na wana wao wenye mvi. Mambo huishia kwenye utani.

Kwa Dena hayakuishia kwenye utani. Bibi Kadii wa kwanza alimwacha Dena akiwa mtoto mdogo, akaenda kuolewa kwingine, na hakuonekana tena. Hayo ndiyo yaliyojulikana, mwenyewe hakuyasimulia. Yaliyoonekana ni aliyoyafanya kwa Mama huyu mpya mwenye meno ya maziwa. Ilibidi sahani ya baba aiweke mtoto kwa mikono yake. Ilibidi akae karibu naye akila. Akitoka kwenda kucheza rede, mchezo wa kukwepa mpira, na wenzake, akirudi alikuta chakula cha baba kimefunikwa kwa kawa, kile kifuniko cha ukindu, hakijaguswa, na baba ameketi mlangoni anatazama njia. Hakugomba wala hakupiga. Lau angepiga ingekuwa afadhali, maana kipigo huisha. Alinyamaza tu, pengine hadi kesho yake, na mama mzazi wa Kadii akawa anamnong'oneza mtoto: "Nenda kamwambie baba yako ale. Wewe ndiye anayekusikia."

Basi mtoto akapata kazi kabla hajapata kalamu. Herufi alikuwa hazijui lakini uso wa mtu aliusoma kutoka ng'ambo ya ua. Alijua kwamba mtu akienda kucheza, mwingine hali. Na kwamba asipokula, kosa ni la aliyecheza. Somo likimwingia mtoto mapema hivyo halitoki kwa kuoga.

Walizaliwa watatu katika nyumba ile, na kimya kilekile kiliwalea wote, ila kila mmoja alitafuta njia yake ya kukikimbia. Kadii alibembeleza. Karisa, aliyemfuata, aliamua kwamba watu wote ni maadui mpaka wathibitishe vingine, na wakithibitisha hakuwaamini. Aliachishwa kazi hoteli baada ya hoteli kule Watamu, na sasa anaendesha tuktuk yake mwenyewe. Kwa kuwa hana bosi wa kugombana naye, anagombana na mashimo ya barabara. Sanga, kitinda mimba, alichagua kutoweka. Yuko Mombasa, simu yake huwa imezimwa, na siku ikiwaka husema, "Niko sawa," kisha inazimika tena. Ukiwaona watatu hao utakataa kwamba wametoka tumbo moja. Kaa nao kidogo, utagundua kwamba wanachokiogopa ni kitu kimoja.

Kadii aliolewa na Owen, mtu mzuri wa Gede, wakapata binti wakamwita Pola, jina la mama yake Owen. Kisha Owen akapata kazi Kilifi mjini, akapanga nyumba, akasema, "Twende." Kadii akasema haya. Alisema haya mwaka mzima bila kufunga hata mfuko mmoja, maana mama yake alikuwa mgonjwa na baba yake, kila akisikia Kilifi ikitajwa, aliirudishia sahani kawa lake. Owen akachoka na "haya" za mke wake, akaenda peke yake. Mama yake Kadii alipofariki, Mzee Dena akahamia Shella kwa binti yake. Sasa nyumba nzima ilimwita Kadii Mama, mzee na mtoto.

Ilikuwa Jumatatu wakati Mwalimu Mumbua, Mkamba wa Machakos aliyekuwa akimfundisha Pola, alipofika kibandani kwa Kadii akakaa kwenye benchi bila kuagiza kitu.

"Mama Pola, nimekuja juu ya msichana wako," akasema. "Unajua Alhamisi tunaenda Kilifi kwa mashindano ya mashairi. Tunalala huko mpaka Jumamosi. Pola ndiye anaongoza. Lakini nikitaja tu hiyo safari, anashika tumbo. Ijumaa alitapika darasani."

"Alhamdulillahi, jana usiku alilala vizuri," akasema Kadii, ambaye hakuwa Mwislamu lakini alikuwa ameishi Shella miaka ya kutosha.

"Nilimpeleka zahanati. Hakuna malaria, hakuna minyoo. Daktari ameangalia, akasema huyu mtoto ni mzima." Mumbua akashusha sauti. "Mimi nafundisha miaka mingi, Mama Pola. Nimesikia watoto wakisema mashairi. Huyu akifungua mdomo, hata walinzi wanakuja dirishani. Asipoenda sasa, nina hofu hatataka kwenda popote tena. Ongea naye."

Jioni ile Kadii akaongea naye. Pola alikuwa na miaka kumi, mwembamba, macho makubwa yasiyotulia kwenye kitu ila kwenye uso wa mama yake. Alikuwa anamkanda mama yake miguu, kama alivyozoea kila jioni baada ya kazi, bila mtu kumtuma.

"Hutaki kwenda Kilifi, mwanangu?"

"Tumbo linaniuma."

"Tumbo tu?"

Mtoto akakanda unyayo, kisha akasema, "Nikienda, utabaki na nani?"

Hapo ndipo Kadii alipokosea, na tuseme ukweli, lilikuwa kosa lenye ladha ya asali. Moyo wake ulifurahi. Aliona, huyu hatakuwa kama Owen wala kama Sanga. Huyu ni wangu. Akamvuta mtoto kifuani, akamwambia, "Basi usiende kama hutaki. Tutakaa wote." Na tumbo la Pola likapona palepale. Akala sahani nzima ya wali. Kadii akalala na furaha yake, akidhani ameona mapenzi. Nyani haoni kundule, wala mama haoni kimya chake mwenyewe.

Asubuhi iliyofuata alimsimulia Karisa, aliyekuja na tuktuk kula mbaazi kama kawaida yake, akiwa tayari ameshagombana na mtu stendi.

"Ananipenda mtoto yule," akasema Kadii, akimpakulia. "Kaacha safari kwa ajili yangu. Kaniuliza, utabaki na nani?"

Karisa akasimamisha kijiko hewani. 

"Ana miaka mingapi, Pola?"

"Kumi."

"Na wewe ulikuwa na mingapi ulipoacha kucheza rede?"

"Mimi sikuacha, nilikuwa sipendi tu."

"Ulikuwa unapenda! Ulikuwa unawapiga wasichana wote wa Magarini, mimi nilikuwa nakaa juu ya ukuta nakuhesabia!" Wateja wakageuka. Karisa hakujali, hajawahi kujali. "Halafu ukaacha, kwa sababu mzee hali. Na sasa huyu anaacha shairi lake. Dada, nikuambie kitu usikasirike? Umekuwa Baba. Umekuwa Baba mwenye leso."

"Mimi sijamnunia Pola hata siku moja!" Kadii akasema, na macho yake yakajaa machozi. "Sijamkataza kitu. Muulize."

"Na Baba alikukataza lini?" Karisa akasema, akainuka, akaiwasha tuktuk yake, akaondoka na kijiko cha dadake mkononi.

Neno la Karisa lilimchoma Kadii kutwa. Alilikataa akiosha vyombo, akalikataa akikuna nazi. Mzigo wa mwenzio kanda la usufi, akasema moyoni, yeye ana nini cha kunifundisha, mtu asiyeweza kukaa meza moja na binadamu? Alikuwa na haki ya kusema hivyo. Lakini mgomvi naye huona mambo. Hana marafiki wa kumzuia asiyaone.

Alasiri akakaa uani kukanda unga wa mahamri ya kesho, ili uumuke usiku. Unga ulikuwa kwenye beseni kubwa, umeshatiwa tui na iliki, naye anausukuma kwa ngumi mbili, anaukunja, anausukuma tena. Wasichana wa jirani wakaita kutoka uchochoroni. Walikuwa na mpira wa soksi, wanataka mtu wa tatu wa rede.

Pola akasimama mlangoni. "Mama, niende?"

"Nenda."

Mtoto hakusogea.

"Nimekwambia nenda, mwanangu. Kwani nimekukataza?"

"Hapana."

"Basi mbona umesimama?"

"Umeacha kukanda," akasema Pola.

Kadii akatazama chini. Mikono yake ilikuwa imezama kwenye unga mpaka viwikoni, imetulia tuli. Hakujua ilisimama saa ngapi. Aliitazama kama mikono ya mtu mwingine.

"Ukikasirika husemi," Pola akaendelea, kwa sauti ya mtu anayeeleza jambo ambalo kila mtu analijua. "Unaacha kukanda. Ukiacha kukanda ndipo tumbo linaniuma."

Kadii alitaka kusema samahani. Lilikuwa neno lake la siku zote, alilitoa bure kwa kila mpita njia, lakini mara hii aliliona halitoshi. Aliona aibu, na chini ya aibu aliona hofu, maana ghafla alikumbuka maneno aliyomwambia mtoto huyuhuyu wiki iliyopita, pale mzee alipoirudishia sahani kawa kwa sababu Kadii alichelewa sokoni. Alimwambia Pola, aliyemwita babu yake Tsawe, kwa kunong'ona: "Nenda kamwambie Tsawe ale. Wewe ndiye anayekusikia." Maneno ya mama yake mwenyewe, ukiondoa jina, neno kwa neno. Hakubadilisha hata pumzi.

Mtoto hutazama kisogo cha nina. Na mama huyu naye aliwahi kutazama kisogo.

Akaanza kukanda. Kwa nguvu. "Tazama mikono, Pola. Unaiona? Inakanda. Nenda ukacheze, na mimi nitakanda mpaka utakaporudi."

Pola akaenda, akageuka mara mbili, akakuta mikono inakwenda, kisha akasikika akicheka uchochoroni. Kadii akakanda mpaka mabega yakawaka. Mahamri ya kesho yake yalikuwa laini kupita kiasi, na wateja wakayasifu bila kujua ulaini ule umetoka wapi.

Lakini mtoto mwenye akili haulizi swali moja. Alipoingia ndani jioni, jasho likimtiririka, alisema, "Nikienda Kilifi wewe utakanda. Na Tsawe je? Tsawe hatakula, halafu wewe utaacha kukanda."

 Hesabu ya mtoto ilikuwa sahihi.

Adhana ya magharibi ilikuwa imeshapita alipoingia chumbani kwa baba yake. Mzee Dena alikuwa ameketi kwenye kitanda cha mayugwe, kile cha kamba, mrefu, mkavu, mikono magotini. Mbele yake, juu ya kigoda, sahani ya sima na mchicha iliyowekwa mchana, na kawa juu yake. Alikuwa amesikia habari za Kilifi. Kuta za nyumba za vyumba hazifichi kitu.

Siku nyingine zote Kadii angepiga magoti, angesema, "Baba, nakuomba, hata tonge moja." Alikuwa anajua kubembeleza kwa sauti kumi. Leo akakaa sakafuni, akaegemea ukuta, akauliza jambo ambalo, akifikiri, hakuna mtu katika ukoo wao aliyewahi kuliuliza.

"Baba, kwa nini huli?"

Mzee akamtazama kama aliyeulizwa kwa lugha ya kigeni. "Sina njaa, Mama."

"Hujala tangu jana. Njaa unayo. Sikubembelezi ule. Nataka kujua kwa nini."

Kimya kikakaa. Ni kimya kilekile cha utotoni, na tumbo la Kadii, mwanamke mzima wa miaka thelathini na sita, likamsokota palepale alipokaa. Akaliacha lisokote. Hakusema kitu cha kulituliza.

"Mimi nasubiri," mzee akasema mwishowe.

"Unamsubiri nani?"

"Alipakua sima," akasema Dena, na sauti yake ikawa nyembamba. "Mama yangu. Sima na mchicha. Nikataka kula, akaniambia, Dena, usile kwanza, narudi sasa hivi tule pamoja. Akafunika kwa kawa. Akatoka. Nikakaa mlangoni. Shangazi akaja akaniambia kula, nikamwambia mama kasema nisile. Wakanicheka. Wakanichapa, nikakataa. Chakula kikachacha, inzi wakaja, wakakimwaga, nikalia kwa sababu akirudi atauliza kiko wapi." Akatazama viganja vyake. "Basi tangu hapo, mtu akitoka nyumbani, hapa kooni panafunga. Sijakununia, Mama. Sijawahi kukununia. Koo ndilo linalofunga."

Kadii akakaa na maneno yale. Maisha yake yote aliamini kwamba chini ya lile kawa kulikuwa na hasira, na kwamba hasira ile ilikuwa yake. Kumbe kulikuwa na mtoto mtiifu aliyeambiwa asile mpaka mama arudi. Alimhurumia baba yake mpaka kifua kikamuuma. Na palepale, kwa mara ya kwanza tangu azaliwe, akamkasirikia, tena sana.

"Mbona hukusema? Mimi nilidhani nimekukosea. Kila siku! Nilikuwa na miaka sita, saba, nikidhani nakuua kwa kucheza mpira. Karisa yuko vile. Sanga yuko vile. Mbona hukusema, Baba?"

"Nani aliniuliza?"

"Mimi si yeye." Kadii hakuishusha sauti. "Nimebeba jina lake, sikubeba safari yake. Sijakuacha hata siku moja. Hata pale nilipopaswa kukuacha."

Mzee akainamisha kichwa. "Owen," akasema. "Najua. Niliona. Nikanyamaza."

 Kisha Kadii akafanya jambo ambalo angelisikia kwa mtu mwingine angecheka. Kwa desturi, aliyebeba jina anaweza kusema badala ya mwenye jina. Kule Magarini watu huufanya mchezo: wajina wa bibi anamkaripia baba yake mzima, "Wewe mwanangu, mbona hujanitembelea?" na wazee wanaangua kicheko. Ila ndani ya mchezo ule kuna haki, na kila Mgiriama anaijua. Kadii alikuwa amelibeba jina lile maisha yake yote kama mzigo, hakuwahi kulitumia hata mara moja.

Akainuka, akakaa kwenye kigoda kingine, mgongo wima, akaondoa kawa juu ya sahani.

"Dena," akaita.

Mzee akashtuka, akainua uso. Hakuna aliye hai aliyekuwa akimwita hivyo, bila mzee, bila baba.

"Nisikilize, mimi mama yako. Nilikwambia narudi sasa hivi. Sikurudi. Sirudi tena, Dena. Nilikwenda kwa mambo yangu, na kosa halikuwa lako. Ulikaa vizuri. Ulisubiri vizuri. Sasa nakupa ruhusa." Akaisogeza sahani. "Kula, mwanangu. Usinisubiri."

Machozi ya mzee hayakuwa na sauti. Yalishuka yakapotea kwenye ndevu. Mkono wake ulikwenda kwenye sahani, ukarudi, ukaenda tena. Akakata tonge la sima, baridi na gumu, akalitia mdomoni, akalitafuna kwa muda mrefu mno. Likashuka. La pili halikushuka. Akalitoa, akalishika mkononi, akatikisa kichwa. Msitarajie muujiza: koo lililofunga miaka sitini na zaidi halifunguki kama mlango wa duka. Lakini moja lilishuka, na mlangoni Pola, aliyekuwa amesimama kwenye giza la ukumbi muda gani hakuna ajuaye, aliliona likishuka.

Kesho yake alimwambia mama yake, "Nitaenda."

Alhamisi asubuhi, basi la shule likawa limeegeshwa nje ya lango, watoto wamejaa kama njugu. Kadii alifika na kikapu cha mahamri. Pola alikuwa anatembea polepole, kiganja tumboni.

"Linauma?" mama akamuuliza.

"Kidogo."

Kadii wa zamani angesema turudi nyumbani. Huyu akamrekebishia kola. "Basi nenda nalo. Si lazima lipone kwanza. Nawe ukisimama jukwaani, mwambie lingoje umalize shairi."

Mwalimu Mumbua akaja mbio, jasho usoni, furaha tele. "Mama Pola, Mungu akubariki! Ona, mpishi wetu wa Kilifi amegonjeka. Si ungepanda tu basi utupikie mpaka Jumamosi? Watu hamsini, si wengi kwako."

Watu waliomjua Kadii walishaanza kumsogezea nafasi ya kukaa. Pola akamtazama mama yake. Macho yake hayakuwa usoni, yalikuwa mikononi. Na Kadii alitaka kusema haya, wallahi alitaka, neno lilikuwa limeshapanda mpaka kwenye meno, tena safari hii lingemweka karibu na mtoto wake.

"La, Mwalimu," akasema.

Hapakuanguka kitu. Basi lilibaki na magurudumu yake. "La," akarudia, kama mtu anayeonja chumvi. "Mahamri haya yachukueni, nimewapa. Lakini mimi nabaki. Hii ni safari ya Pola."

Ilikuwa la yenye mkia wa mahamri, lakini ilikuwa la. Mumbua akacheka, akachukua kikapu, akaenda kutafuta mpishi mwingine. Kadii alibakiza mawili kwenye mfuko wa karatasi.

Wakati huo tuktuk ya Karisa ikafika kwa kishindo, ikasimama mahali pasiporuhusiwa. Dereva wa basi akapiga honi, Karisa akamjibu inavyostahili, na kutoka kiti cha nyuma akashuka Mzee Dena, amevaa kanzu yake safi na kofia, anashikilia mlango.

"Kaniamsha alfajiri," Karisa akamwambia dadake, akijitia kununa. "Kasema nimlete. Na kijiko chako hiki hapa, usije ukasema mimi mwizi."

Pola alikuwa ameshapanda ngazi ya kwanza ya basi. Akageuka. Alimwamkia babu yake, "Shikamoo, Tsawe," na mzee akaitika, "Marahaba, marahaba." Kisha akamtazama mama yake, na swali lilelile lililomtapisha darasani likatoka, safari hii kwa maneno.

"Mama, nikienda, utakula?"

Kadii hakuapa wala hakubembeleza. Akatoa hamri kwenye mfuko, akaling'ata katikati, akalitafuna pale mbele ya lango, mashavu yamejaa, mafuta kidevuni, huku akiitikia kwa kichwa kwamba ndiyo. Pola alimtazama mpaka alipomeza. Ndipo macho yake yakahamia kwa mzee.

Mzee Dena alikuwa ameuona mtazamo ule. Akanyoosha mkono. Kadii akampa hamri la pili. Injini ikawaka, Mumbua akamvuta Pola ndani, na mtoto akatokea dirishani, pua imebanwa kwenye kioo. Basi likaanza kusogea. Mzee akang'ata. Akatafuna. Basi likakunja kona ya kwanza, na uso wa Pola ukawa bado umegeukia nyuma, na kabla haujapotea, koo kwenye shingo ndefu ya mzee likapanda, likashuka. Dirishani mkono mdogo ukapunga, mara moja, kisha uso ukageukia mbele.

Karisa aliangalia upande mwingine. Alikuwa anagombana na kitu kilichomwingia jichoni.

Mzee alibaki ametazama njia, kama alivyotazama njia maisha yake yote. Kadii alisubiri. Alijua kutazama kule. Angeweza kuuchora mtazamo ule akiwa amefumba macho. Kisha, bila kuambiwa, mzee akashusha macho kutoka barabarani, akakuta nusu ya hamri mkononi mwake, akalitazama kwa mshangao kidogo, akang'ata tena.

"Mwanangu," akasema, "hili linataka chai."

Kadii akageuka kumtazama Karisa, akidhani ndiye aliyeitwa.

"Wewe, Kadii," mzee akasema. "Nakwambia wewe."